Herufi Mbili za Mama Prezida

Mama Prezida hakubisha hodi hata siku moja. Alikohoa. Asubuhi, wakati ukungu wa Butembo ungali umelalia mabati na pikipiki ya kwanza inalalamika kupanda mulima, ulisikia kikohozi kimoja kikavu mbele ya mulango, halafu sauti: "Bale ba masomo, banaamuka ao bangali banalota?" Mimi, Kavira, niliyezaliwa na ugonjwa wa kuota hata macho yakiwa wazi, nilijua ananisema mimi. Nilirukia maji ya baridi, nikanawa nusu ya uso, nikatoka na daftari kwapani.

Katika kartie yetu, yaani mutaa wetu, hakuna aliyemuita kwa jina lake. Nafikiri wengi hawakulijua. Alikuwa mufupi na mupana, na kofia ya sufu ya bluu ambayo haikutoka kichwani hata kanisani, na botte za mupira miguuni, mvua inyeshe ama jua liwake. Alinukia poireaux, zile mboga ndefu za jamii ya kitunguu ambazo midomo yetu inaziita puaro, kwa sababu ndizo aliziuza sokoni, zile zinazoshuka kutoka Masereka na udongo mweusi kwenye mizizi. Ukimukumbatia siku ya Noeli, nguo yako ya sikukuu ilinuka supu mupaka mwaka mupya.

Uprezida aliupata kwa kuchelewa. Watu wa projet moja ya kusomesha wasichana walikuja wakakusanya wamama ndani ya kalasi, wakawaeleza mupango wao. Kila musichana atakayefika masomoni bila kukosa, mama yake atatumiwa pesa kidogo kwenye simu. Kwa mama, si kwa baba. Neno lile ndilo liliamusha kelele. Na musichana akikosa kupita siku zilizoruhusiwa, pesa ya muhula ule haiji. Sasa, walisema, munahitaji komite, na komite inahitaji prezida. Wamama wote wakatazama chini, kila mumoja akitafuta kitu alichoangusha. Wakati ule yeye akaingia, ametoka sokoni, botte zimejaa tope.

"Mbona munanyamaza kama ku kilio? Munatafuta nini?"

"Tunatafuta prezida."

"Basi mumupate mbio, puaro zangu zinanyauka."

Wamama wakacheka, wakapiga mikono, wakamuchagua palepale. Alikaa kwenye kiti alichopewa kama mutu anayengojea kung'olewa jino, akasema: "Sawa. Mais mimi nikiwa prezida, hakuna mutu atalala."

Lakini kulikuwa na sababu ya kutokukataa kwake, na sisi wote tuliijua. Alikuwa na binti mumoja. Alimutoa masomoni mwaka wa sita wa primaire, shule ya musingi, ili amusaidie kubeba mizigo ya poireaux, kamba kwenye paji la uso kama tunavyobeba huku kwetu. Binti alibeba mwaka mumoja na nusu. Halafu akaolewa Kasugho, kule misituni, angali mutoto, na tangu siku ile hakurudi kumusalimia mama yake, hata kwa kilio, hata kwa ndoa. Mama Prezida alitaka kitu kimoja tu katika dunia: binti yule amugeuzie uso tena. Hakukisema. Lakini lori likifika kutoka Kasugho, aliacha meza yake ya poireaux, akaenda kusimama mbele ya dereva.

"Muliona mutoto yangu?"

"Tulimuona. Anakusalimia sana, mama."

Alirudi na kukaa, akapanga poireaux zilizokuwa zimepangwa tayari. "Batu ba lori," alisema, "banapendaka kuniletea salamu yenye hawakupewa."

Ndiyo mwanzo wa ukali wake na daftari.

Muwalimu alikuwa na daftari lake la mahudhurio, na projet ilitaka mama mumoja ashuhudie kando. Kwa hiyo Mama Prezida alipewa daftari la jalada la kijani na kalamu ya bic nyekundu. Kila asubuhi, nyuma ya kuimba wimbo wa taifa, alisimama penye dirisha, akatazama kichwa kwa kichwa, akaandika. P kwa aliyefika, A kwa asiyefika. P zake zilikuwa na tumbo kubwa kama yeye mwenyewe. A zake zilisimama wazi miguu kama ngazi.

Orodha ya majina niliiandika mimi, kwa sababu muwalimu alisema nina muandiko wa kupendeza, na mimi ukinisifu kidogo naweza kukuandikia hata mulima. Mama Prezida alisimama nyuma yangu akanipangia: kwanza nyumba ya chini kabisa karibu na mutoni, kwa Masika, halafu kwa Kahindo, halafu sisi, halafu kupanda, nyumba kwa nyumba, mupaka kwa wale wanaokaa juu karibu na kanisa. Niliona ni namna yake tu ya kupenda utaratibu.

Muhula wa pili daftari lilijaa, na mimi nilikuwa nimejifunza jambo jipya: kupanga majina kwa kufuata alfabeti. Nikataka kumufurahisha. Nikaandika orodha mupya, safi, ndani ya daftari lingine la kijani, na mustari wa rula chini ya kila jina. Alilipokea, akasema "Wasingya, binti yangu," ndiyo asante ya lugha yetu, akaenda nalo.

Siku ya Ijumaa mama yake Kahindo alikuja sokoni mikono kiunoni.

"Mutoto yangu hakukosaka ata siku moja! Juma zima unamuweka A! Na ule wa kwa jirani mwenye alikuwa anauza mandazi ku parking, unamuwekea P! Ni jamaa yako? Alikulisha?"

Watu walisimama. Wa tshukudu walisimamisha tshukudu zao, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, na mizigo juu, ili wasikie vizuri. Mimi nilikuwa pale, nimetumwa chumvi. Niliona Mama Prezida anafungua daftari la kijani, analitazama, na kidole chake kinashuka kwenye ukurasa polepole, mustari kwa mustari, kama mutu anayeshuka mulima ndani ya giza. Nikaelewa. Hakujua kusoma. Herufi alizojua zilikuwa mbili tu. Orodha yetu aliisoma kwa miguu: mustari wa kwanza ni nyumba ya mutoni, wa pili ni nyumba inayofuata. Na mimi, na alfabeti yangu nzuri, nilikuwa nimezihamisha nyumba zote.

Nilifungua kinywa. Akanitazama, jicho moja tu, nikakifunga.

"Kosa ni yangu," akasema. "Macho ilichoka. Nitaenda kwa muwalimu, tutatengeneza mbele yako, mama Kahindo. Kamata puaro mbili, upikie mutoto."

"Sitaki puaro!"

"Basi kamata tatu."

Mama Kahindo akazikamata tatu, akaenda akinung'unika.

Mangaribi nilimufuata nyumbani nikilia. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. "Unalilia nini?" akaniuliza. "Nyumba haikuanguka. Irudishe tu ku fasi yayo." Nikaandika orodha upya kwa kufuata njia, kutoka mutoni kwenda juu, yeye akinishikia taa. Nilimuambia nitamufundisha herufi zingine. Alicheka mupaka kofia ikateleza. "Mbili zinanitosha. Mutu anakuwa, ao hakuwa. Zile zingine ni za bale wenye iko na wakati."

Siri ile niliibeba miaka yote, na nilijivunia kuibeba.

Kudanganya alikuwa hawezi. Nilimujaribu mimi mwenyewe. Mwaka ule mama yangu alikuwa anauza poireaux za mwanamuke mwingine, analipwa kidogo, na mara nyingi alipaswa kupanda Masereka siku mbili tatu. Muhindo, ndugu yangu mudogo, alikuwa hajatembea bado. Nani atabaki naye? Baba alisukuma tshukudu ya mbao tangu asubuhi. Nilibaki mimi. Siku ya kwanza A. Siku ya pili A. Siku ya tatu nilimungojea njiani na Muhindo mugongoni, nikatengeneza sauti ya asali.

"Mama Prezida, uniwekee P kidogo."

"P haina kidogo."

"Mais unajua siko muvivu. Unajua ni juu ya mutoto."

"Najua. Na ndani ya daftari hakuna fasi ya kuandika 'juu ya mutoto'. Ningekuwa mutu wa kuandika uongo, ningeandika mutoto yangu P miaka yote, na ningelala vizuri."

Nilimuchukia. Nasema kweli, nilimuchukia mupaka jioni, na kwangu mimi huo ni muda murefu.

Kesho yake, kikohozi mbele ya mulango. Nilifungua nikiwa nimevimba uso. Alisimama na kitenge kimekunjwa mukononi.

"Lete mutoto."

"Nini?"

"Lete mutoto, unaenda masomo. Iko na dakika kumi."

Akageuka, akainama, nikamuwekea Muhindo mugongoni, akamufunga. Akashuka naye sokoni. Saa sita, nikitoka kalasini, niliwakuta pale: yeye anapigana bei na mupishi wa hoteli, na Muhindo juu ya mugongo amelala, jani la poireau mukononi kama bendera. Alikaa naye hivyo kila mama alipopanda Masereka. Neno la kwanza la ndugu yangu halikuwa "mama" wala "baba". Lilikuwa "puaro".

Na hakuwa Muhindo peke yake. Kartie nzima ilizoea kumuona na mugongo uliojaa: leo mutoto wa huyu, kesho wa yule, siku moja hata mbuzi mugonjwa, kwa sababu musichana wa nyumba ile alikataa kwenda masomo na kumuacha. Daftari lake halikuwa na huruma. Huruma yote ilikuwa mugongoni.

Kuna waliosema, na wangali wanasema, kwamba pesa ile iliharibu wanawake. Nilisikia mengi nje ya kanisa letu la Kiprotestanti, na marafiki zangu Wakatoliki waliyasikia vilevile nje ya kanisa lao, kwa hiyo nadhani ilikuwa injili moja. "Wanawake sasa wanalipwa ili kuzaa wasichana!" Na mwingine: "Pesa ya masharti, hiyo si pesa, ni kamba." Mama Prezida alijibu akiwa anapita, bila kupunguza mwendo: "Mwanamuke, ni pesa gani alishakupewa bila masharti? Iyi angalau masharti yayo ni kusoma."

Lakini yeye mwenyewe alituingiza katika shida siku ya namba za siri. Kila mama alipaswa kuweka ndani ya simu namba inayofungua pesa, namba ambayo mutu mwingine haijui. Agent wa projet alieleza vizuri, halafu akatoka nje kujibu simu. Mama Prezida akasimama.

"Tukisahau je? Tuweke namba moja sisi wote. Mumoja akisahau, anauliza mwenzake."

Wamama wakaona ni hekima. Wakachagua namba ya wimbo wanaoupenda kuliko zote kitabuni mwetu, wakaongeza sifuri mbele ili itoshe. Wamama Wakatoliki walilalamika kwamba wimbo ule haumo katika kitabu chao, wakaambiwa waushike tu kichwani, Mungu ni mumoja.

Haikupita juma mbili. Mume mumoja, mwimbaji wa koro ya kanisa, aliona muke wake anafungua simu huku anaimba polepole. Pesa ya muhula ule ikageuka kasiksi, pombe ya ndizi, na ilikuwa kasiksi nyingi, watu walikunywa mupaka nyumba ya tatu. Na alipojua yeye, wakajua waume wote.

Mama Prezida hakupiga kelele. Aliita wamama nyuma ya kanisa siku ya kazi, mumoja mumoja. Kila mama aliketi juu ya jiwe na simu yake, na Mama Prezida alimugeuzia mugongo, akatazama ukuta mupaka amalize. Wale wasiojua kuandika namba walisaidiwa na binti zao. Mimi nilimusaidia mama yangu. Agent alikuwa ametuambia namba izaliwe kichwani mwako mwenyewe, kwa hiyo mama alifikiri murefu, akafunika simu kwa kiganja, hata mimi akanificha ile namba ya mwisho. Nilikasirika kidogo. Halafu nikaona uso wake. Mama yangu alikuwa na siri, na siri ile ilimuketisha wima.

Jioni baba alikula, akafuta mikono, akasema kwa upole, kwa sababu baba ni mutu mupole:

"Namba mupya ni gani?"

"Ni yangu," mama akajibu.

"Na miye niko nani?"

"Weye ni bwana yangu. Namba, ni namba."

Baba alitazama sahani. Alitoka, akaenda kula kwa dada yake siku tatu. Siku ya ine akarudi, tshukudu ikilia, akaketi mahali pake. Mama akamuwekea bundu, ugali wetu, na sombe. Baadaye baba akasema, kama anazungumuza na bundu: "Ata dada yangu iko na yake. Alikatala kuniambia."

Tulicheka wote watatu, na Muhindo akacheka bila kujua. Pesa yenyewe ilikuwa ndogo. Nguo ya masomo, daftari, bic, na ile iliyobaki mama aliirundika polepole mupaka akaanza kununua poireaux zake mwenyewe kule Masereka, akaacha kuuza za mwingine. Lakini kwangu mabadiliko makubwa yalikuwa neno. Zamani, nikiomba kitu, mama alisema, "Ngoja niulize baba yako." Tangu siku ya jiwe nyuma ya kanisa, alianza kusema, "Nitaona." Nitaona! Nililipenda neno lile hata jibu lake lilipokuwa hapana.

Nisimufanye malaika. Mama Prezida alikuwa na mambo ambayo hayakaliani. Alitupeleka masomoni kwa kikohozi, halafu akatucheka: "Unajua algèbre, na sombe inakushinda kutwanga?" Alisema musichana si mali ya kuuzwa, lakini kukiwa na mazungumuzo ya mahari aliitwa yeye, kwa sababu hakuna aliyejua kudai mbuzi kama yeye. Na kwa baba mugumu, aliyetaka kumutoa binti masomoni, hakuleta maneno ya haki. Alikaa karibu naye akapumua: "Mutoto mwenye iko na diplôme, mbuzi zake zinazidi." Baba akafikiri. Binti akabaki.

Nilipokua nikamuambia kwamba namna ile hainipendezi, kutupima kwa mbuzi.

"Hainipendezi ata miye," akasema. "Mais mutego, hatuutazame uzuri. Tunautazama kama unanasa."

"Na siku utaniombea mahari yangu?"

"Weye? Nitaomba mbuzi na musumeno, wakukate ndoto kidogo."

Jambo lingine: binti za watu aliwajua wote, lakini kwake nyumbani kulikuwa na madaftari mawili ya mwaka wa sita, ya binti yake, yamefungwa katika mufuko wa plastiki, yananing'inia juu ya jiko ili yasishikwe na ubaridi. Siku moja alinipa moja, akasema nimusomee. Lilikuwa zoezi la imla, juu ya mvua na mazao. Chini yake muwalimu aliandika kwa bic nyekundu kwamba mutoto anafanya vizuri, aendelee hivyo. Nikasoma. Akaniomba nirudilie ile ya nyekundu. Nikarudilia. Akalichukua daftari, akalirudisha ndani ya plastiki, akafunga mafundo mawili.

"Ile siku aliniletea," akasema. "Alinionyesha. Miye niliona tu ni wino nyekundu, nikazani muwalimu anagomba."

Nilienda kuchota maji ili nisilie mbele yake.

Halafu projet ikaisha. Watu wake walirudi, wakashukuru, wakapiga picha na wamama, wakasema mupango ulikuwa wa muda na muda umefika. Hawakuwa watu wabaya. Mumoja wao alikuwa na machozi. Mama wengine waliweza kuendelea, wengine walishindwa. Sisi tulishindwa mwaka ule tu, mwaka mubaya, baba alivunjika muguu chini ya muzigo wa mbao. Nilikuwa nimemaliza huitième, mwaka wa nane wa masomo. Nilisema nitapumuzika kidogo, nitarudi. Nikaenda kujifunza kushona, na kushona nako kukanipenda. Leo naweza kukata nguo ya masomo macho yakitazama dirishani. Ninaota kuwa na atelier, chumba changu cha kushonea, na kioo kirefu kinachomuonyesha mutu mupaka viatu. Na ninaota kurudi kalasini pia. Ndoto zangu ni nyingi, hazisukumane.

Lakini asubuhi moja, projet ikiwa imekufa miezi mingi, nilipita karibu na masomo nikamuona penye dirisha, kofia ya bluu, daftari la kijani.

"Mama Prezida! Unaandikia nani sasa? Hakuna mutu ataomba daftari."

"Batoto banazoea mutu kubangojea," akasema, bila kuondoa macho kalasini. Aliweka P. Aliweka P. Alifika mustari wa tatu, ule wa nyumba yetu, wangu. Akanitazama nikiwa nimesimama nje na mufuko wa vitambaa. Akaweka A, akaendelea.

Haikuniuma. Yaani, iliniuma vizuri.

Nyuma ya hapo alitoweka. Sokoni meza yake ilikaliwa na mwingine. Walisema vita vilikuwa vimesukuma watu kutoka upande wa Kasugho, kwamba binti yake alikimbilia Beni na watoto, kwamba mama, aliposikia, hakungoja hata poireaux ziishe. Alipanda gari akiwa na ule mufuko wa plastiki tu.

Nilimuona mwaka jana. Nilikuwa nimetumwa Beni kupeleka nguo nilizoshona. Beni ni joto. Mimi mutoto wa ukungu, jasho lilinishuka mupaka kwenye viatu. Pikipiki zilipita kati ya malori ya askari, na kando ya njia kakao ilikuwa imeanikwa juu ya bâche, maturubai ya plastiki, inanuka chachu tamu. Mangaribi, jua likiwa halijazama bado, nilipita karibu na kanisa dogo la mbao. Ndani kulikuwa na sauti za wanawake wakubwa wakisoma pamoja: ba, be, bi. Na nje, penye dirisha, kikohozi.

Kofia ya sufu ya bluu! Kwa joto lile! Mugongoni mutoto amelala. Mukononi daftari la kijani.

"Mama Prezida!"

"Sss. Banasoma."

Alinikumbatia kwa mukono mumoja. Hakunuka tena poireaux. Alinuka kakao. Tukasimama bega kwa bega, akanionyesha kwa kidevu: mwanamuke wa benchi ya nyuma, kitenge cha kijani, anafuata mustari kwa kidole. Nilikijua kidole kile. Ni kama cha mama yake, kinashuka polepole.

"Njo yeye, binti yako?"

"Njo yeye. Ni bale wenye kutolewa masomo, banabarudisha kila mangaribi. Hakuna mutu anabatumia kitu."

"Na alikupokea namna gani?"

Alitengeneza kitenge cha mutoto. "Nilifika ku mulango. Nilikohoa. Alifungua. Nilimupatia ile mufuko ya madaftari, akaifungua, akasoma ile ya nyekundu. Akasoma tena. Kisha akaingia ndani, akakamata mutoto, akaniwekea ku mugongo."

"Basi?"

"Basi nini? Ni mingi, iyo."

Nikaomba nione daftari. Ukurasa ulikuwa na mustari mumoja tu, jina moja lililoandikwa na mutu mwingine, na mbele yake P, P, P, zile zenye tumbo, mupaka mwisho wa karatasi.

"Mustari moja?"

"Nyumba ni moja."

Alitazama tena ndani. Wanawake walisema bo, bu. Na nikaona midomo yake inatembea nao, bila sauti. Bo. Bu. Alipojua namuona, alikohoa.

"Juu ya nini hauingie?" nikamuuliza.

"Na mutoto je?"

Niliweka chini mufuko wangu. Nikanyosha mikono.

"Lete mutoto."

Alinitazama jicho moja, kama siku ile ya sokoni. "Kavira, usinichezee. Nikae benchi moja na mutoto yangu, banicheke?"

"Lete mutoto. Iko na dakika kumi."

Halafu akafungua kitenge. Nilimupokea mutoto, mwenye usingizi muzito na joto la mugongo wake, nikamufunga mugongoni mwangu. Nikachukua bic nyekundu, nikafungua daftari juu ya goti.

"Jina lako, Mama Prezida."

"Jina gani?"

"Lako."

Akalisema. Miaka yote ile, nilikuwa nalisikia mara ya kwanza. Nililiandika polepole, kwa muandiko wangu wa kupendeza, chini ya jina la binti yake. Akainama, akalitazama kutoka mwanzo mupaka mwisho, akaligusa kwa kidole.

"Iyi yote ni miye?"

"Yote."

Akavua botte mulangoni, sijui kwa nini, kama mutu anayeingia kwa watu wakubwa, akaingia na miguu wazi. Wanawake waligeuka. Binti yake aligeuka. Hakutabasamu. Alisogea tu kwenye benchi, akapiga ubao mara moja kwa kiganja, pale palipobaki wazi. Mama yake akaketi.

Jina lile sitaliweka hapa. Mahali pake ni kule Beni, mustari wa pili wa daftari la kijani. Nilibaki penye dirisha na mutoto mugongoni mupaka walipofunga vitabu, na mbele ya jina niliandika P kubwa, yenye tumbo, isiyo ya kidogo.